Kobe na Ua Langu

Jioni ya kwanza nilimwamuru kobe achore pembetatu, akanichorea bakuli.

Kobe ninayemsema ni wa kwenye kompyuta, kipicha cha kijani kinachokaa katikati ya skrini nyeupe kikingoja maneno yako. Ukimwandikia aende mbele, anakwenda, na nyuma yake anaacha mstari. Ukimwandikia ageuke, anageuka. Zaidi ya hayo hajui kitu. Mwalimu wetu, msichana anayelingana na wajukuu zangu, alituambia hivyo kwa furaha, kana kwamba kutojua kitu ni sifa.

"Tuanze na rahisi," alisema. "Pembetatu. Pande zote sawa."

Darasa lilikuwa chumba cha nyuma cha maktaba. Meza mbili ndefu, kompyuta kuukuu zilizofungwa pamoja kwa nyaya kama mbuzi wa mnadani, na feni iliyokuwa inazunguka bila kuleta upepo. Wenzangu walianza kunong'onezana. Mimi sikuwa na la kumnong'oneza mtu. Pembetatu naijua. Niliisoma shule ya jioni nikiwa tayari baba wa watoto, nikitoka kwenye cherehani na vipande vya uzi kichwani, na mtihani wake niliufaulu. Pembe zake tatu zikijumlishwa ni digrii mia moja na themanini. Pande zikiwa sawa, kila pembe ni sitini. Hilo halina mjadala.

Nikaandika: rudia mara tatu, mbele mia, geuka sitini. Nikabonyeza.

Kobe akaenda, akageuka kidogo. Akaenda, akageuka kidogo. Akaenda, akasimama. Lilikuwa bakuli, limeachwa wazi upande mmoja.

Nikadhani hakunielewa. Nikabonyeza tena. Akaendelea pale alipoishia, akafunga umbo, na lilipofunga likawa na pande sita.

Mama wa saluni, aliyekaa jirani yangu na kucha zake ndefu zikigonga kibodi kama mvua ya mawe, akachungulia. "Mzee, hicho si chumba cha nyuki?"

"Ni pembetatu," nikasema. "Haijakaa vizuri tu."

Nilirudi nyumbani kichwa kikiwa kimejaa pamba. Sitini ilikuwa sitini nilipokuwa kijana. Ilikuwa imebadilika lini, na kwa nini sikuambiwa?

Mke wangu aliniuliza tumefundishwa nini. Nikamweleza kwamba ile amri ya kurudia inaitwa kitanzi, kwamba kobe anapewa kazi moja na anaizunguka mpaka aambiwe basi.

"Umri huu ujitie kitanzi mwenyewe," akasema, "tena kwa kujiandikisha!"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka, kwa sababu yeye alijua kilichonipeleka pale, na mtu wa umri wangu haendi kukaa kwenye kiti cha plastiki kati ya vijana kwa kujifurahisha.

Mimi ni fundi wa kudarizi. Karakana yetu ni chumba kimoja katika safu ya maduka nyuma ya stendi, mlango wa pili kutoka kwa fundi viatu tunayemwita Gundi. Tangu ujana wangu nimekaa kwenye kiti kile kile, dirishani, cherehani ya mguu mbele yangu, nikidarizi ua. Nimedarizi mengine mengi, majina ya watu na nembo za shule, lakini lililonipa heshima ni ua. Lina petali nane zenye ncha kali, zote zinazaliwa katikati na zote zinarudi katikati. Sikuliiga popote. Lilitoka mkononi siku moja, likabaki. Watu wakaliita ua la Fundi, na mimi sikuhitaji kibao kingine mlangoni.

Sasa karakana anaiendesha binti yangu. Namwita Mama, maana amerithi jina la mama yangu, na tabia hakuiacha: akishaamua jambo, ukuta ndio uhame. Ndiye aliyeleta mashine mpya ya kudarizi, ile inayopewa mchoro kwenye kijiti cha flashi ikashona yenyewe huku mwenyewe umekunja mikono. Nembo za sweta za shule ilizimeza kama njugu.

Kisha siku moja akaja na habari.

"Baba, hoteli wamerudi. Wanataka vitambaa vya meza vipya, na kwenye kona wanataka ua lako. Lile lile la zamani."

"Waambie tutaanza keshokutwa."

"Baba. Vya ukumbi mzima."

Akatazama vidole vyangu. Nami nikavitazama. Siku hizi asubuhi vinakataa kukunjika mpaka jua lipande, na hata likipanda vinakunjika kwa kunung'unika.

"Kuna kijana anachora michoro ya mashine," akaendelea. "Nitampa kitambaa cha zamani aliige."

"Ua langu alichore mtu asiyejua hata linaanzia wapi?"

"Basi nani, Baba? Na mashine yenyewe inahitaji pale dirishani, ndipo penye mwanga na soketi. Nilikuwa nataka nikuombe..." Akanyoosha upindo wa kitambaa ambao ulikuwa umenyooka. "Umefanya kazi vya kutosha. Ungepumzika nyumbani."

Hilo neno! Wanaopumzika nimewaona. Wanakaa mlangoni wakihesabu wapita njia, mpaka siku moja wanabebwa na wapita njia.

"Nitalichora mwenyewe kwenye kompyuta," nikasema. "Nikiweza, kiti changu hakitoki karakana."

"Na usipoweza?"

"Nisipoweza nitakibeba mwenyewe mpaka nyumbani."

Alicheka. Kisha akaona mimi sicheki. "Sawa, Baba. Lakini mama wa hoteli anakuja kuona sampuli mwisho wa mwezi. Usiniaibishe mbele yake."

Ndiyo maana nikajiandikisha maktaba. Na ndiyo maana bakuli lile halikuwa mzaha kwangu.

Somo lililofuata lilikuwa fanksheni. Mwalimu alieleza kwamba ni kumfundisha kobe neno jipya. Unampa neno, unamweleza kazi yake, na tangu hapo neno moja linabeba maelezo yote. Hili nililipenda mara moja. Nikaandika neno langu, petali, na chini yake maelezo: nenda kwa kupinda taratibu, fika nchani, geuka sitini, rudi kwa kupinda taratibu, geuka sitini. Niliandika kwa makini, nikahakikisha kila herufi. Nikabonyeza.

Hakuna. Kobe alikaa pale pale akinitazama. Nikabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, kama mtu anayegonga mlango wa mdeni.

"Mwalimu, kobe wangu amekufa."

Akaja, akainama juu ya bega langu. "Hajafa, Babu."

"Niite Fundi."

"Hajafa, Babu Fundi. Umemfundisha petali, lakini hujamwambia aichore. Anangoja umwite kwa lile neno."

"Mtu akishafundishwa kazi anangoja nini tena?"

"Kuitwa."

"Wanafunzi wangu mimi, nilipowafundisha kutoboa tundu la kifungo, walianza siku hiyo hiyo. Walitoboa hata mapazia."

"Ndiyo maana kobe anangoja," akasema mama wa saluni.

Darasa zima likacheka, na mimi nikaandika lile neno. Kobe akaamka. Akapinda vizuri kabisa upande wa kwenda, nikaona nusu ya petali yangu imesimama pale, hai. Kisha akageuka sitini, akapinda tena, akaenda zake. Hakurudi alikotoka. Petali ilibaki wazi kama mdomo wa mtu aliyesahau alichotaka kusema. Nilipomwambia airudie petali hiyo ili litoke ua, alianza safari, akajikunja huku na huku, mpaka skrini ikaonekana kama kamba ya nguo iliyokatika kwa upepo.

Nikaondoa, nikaandika upya. Nikabadilisha kulia kuwa kushoto. Nikapata vurugu ile ile, imegeuzwa tu kama inavyoonekana kwenye kioo. Nikashika skrini kwa mikono miwili nikaizungusha taratibu upande wangu.

"Babu Fundi, unaifanyia nini skrini?" Mwalimu alikimbia kushika waya.

"Naigeuza."

"Kwa nini?"

Nilishangaa kuulizwa. "Ili petali ifike kwenye kona. Sindano haigeuki, mwanangu. Sindano imesimama mahali pake, inapanda na kushuka tu. Kinachogeuka ni kitambaa. Ukifika nchani unazungusha kitambaa, unaendelea."

Aliitazama mikono yangu iliyokuwa bado imeshika skrini. Halafu akatabasamu, lakini si kwa kunicheka.

"Sasa nimekuelewa. Hapa ni kinyume chake. Hapa kitambaa kimetulia, anayegeuka ni kobe. Usimtazame kutoka juu kama unamshona. Kuwa yeye. Ukifika karakana kesho, simama sakafuni, utembee pembetatu kwa miguu yako."

"Mimi niwe kobe?"

"Kidogo tu, Babu Fundi."

Nilikwenda nyumbani nimevunjika moyo. Nilikuwa nimetarajia kufundishwa kompyuta, naambiwa nikatambae. Wakati wa chakula cha usiku nilijikuta nazungusha sahani badala ya kuinamisha kijiko, na mke wangu akaniuliza kama sahani nayo imepewa amri.

Asubuhi nilifungua karakana kabla ya binti yangu kufika. Nikachukua chaki ya kukatia nguo, nikachora pembetatu kubwa sakafuni, kutoka mguu wa meza hadi mlangoni hadi kwenye mafurushi ya vitambaa. Nikasimama kwenye kona ya kwanza. Nikatembea upande wa kwanza, nikafika kona ya mlangoni, nikasimama kama kobe, uso mbele.

Sitini, nikajiambia. Nikageuka sitini kama ninavyoijua.

Nilijikuta naelekea barabarani. Mstari wa chaki haukuwa mbele yangu hata kidogo. Ulikuwa kule pembeni, upande wa bega langu. Nikageuka zaidi. Bado. Ilinibidi nigeuke mpaka nikawa karibu narudi nilikotoka ndipo pua yangu ikaelekea mstari.

"Fundi, umepoteza sindano?"

Gundi alikuwa mlangoni, kiatu cha mtu kimevaliwa mkononi kama glavu.

"Natembea."

"Naona. Nimewaona walevi wanaotembea zigizaga. Anayetembea pembetatu ndio leo. Hiyo pombe gani, na mimi nionje?"

"Nyamaza, utanipoteza."

"Umeshapotea, rafiki yangu. Mimi naona tu."

Nikarudi kona ya kwanza, nikatembea tena. Nikafika, nikasimama. Safari hii sikujiambia namba yoyote. Niliiacha miguu igeuke mpaka itosheke, kisha nikapima. Kutoka nilikokuwa naelekea, mpaka ninakotakiwa kuelekea. Sitini ilikuwepo, ndiyo, ilikuwa pale ndani ya kona, imetulia, haijabadilika tangu ujana wangu. Lakini kobe haipiti hiyo. Kobe anapita ile ya nje, ile iliyobaki. Mia na ishirini.

Niliketi kwenye furushi. Miguu ilikuwa imeelewa. Kichwa kilikuwa bado kinaidai miguu maelezo, na mpaka leo hakijalipwa.

"Gundi," nikamwambia, "kona ina pande mbili."

Alinitazama kwa huruma. "Kila kitu kina pande mbili, Fundi. Hata soksi." Akaenda zake.

Jioni hiyo nilifuta sitini, nikaandika mia na ishirini. Nikaita petali. Kobe akapinda, akafika nchani, akageuka vile ambavyo miguu yangu iligeuka mlangoni, akapinda, akarudi. Petali ikafunga. Na kobe alikuwa amesimama pale pale alipoanzia, anatazama kule kule alikokuwa anatazama, kama mgeni mwenye adabu aliyeacha chumba jinsi alivyokikuta.

Nikaandika ua: rudia petali, geuka arobaini na tano. Hapo nikakwama. Rudia mara ngapi? Akili ilikuwa imechoka kwa furaha, hesabu zikanikimbia. Nilikumbuka mwalimu alivyosema kwamba kitanzi kikipungukiwa, umbo halifungi. Nikaandika mia. Chakula kibaki, kisipungue.

Mwalimu alikuwa ametuonyesha namna ya kumwondolea kobe uzito wa miguu, achore kwa mkupuo. Nikabonyeza, na kabla sijafumba jicho ua langu lilikuwa katikati ya skrini, petali nane, ncha nane.

Mama wa saluni alipiga makofi, kucha zikagongana. Mwalimu akaja mbio, akapiga makofi naye, akaniwekea ua kwenye flashi pamoja na maelezo yangu yote, kwa namna inayosomwa na mashine ya kudarizi, akaitwa na mtu mwingine ambaye kobe wake alikuwa ametoka nje ya skrini. Hakuna aliyeuliza juu ya ile mia. Mimi ndio kabisa.

Nilimwonyesha mke wangu ua hilo, limechapwa kwenye karatasi. Alilisogeza karibu na dirisha, akalitazama kwa muda mrefu. Analijua ua langu. Lipo kwenye mito yote aliyolalia tangu tuoane.

"Ni lenyewe," akasema. "Ila limechana nywele."

Nilijua anachosema. Petali zangu za mkono ni ndugu, hazilingani, kila moja na kilema chake kidogo. Hizi zilikuwa mapacha wanane. Nilijiuliza kama bado ni langu, nikalikunja.

Siku ya sampuli ikafika. Binti yangu alikuwa amefagia mpaka nje kwa jirani.

"Baba, kabla hajafika tujaribu kwanza kwenye kitambaa kibovu."

"Ua langu halijapata kushonwa kwenye kitambaa kibovu."

"Kujaribu tu, Baba."

"Mama, fundi anayejiamini hajaribu. Anashona."

Alitaka kusema neno, lakini mama wa hoteli alikuwa ameshaingia, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Alinisalimu kwa heshima, akasema vitambaa vya zamani walivipenda mpaka vikatoboka. Binti yangu akabana kitambaa cheupe kwenye fremu, akachomeka flashi, akaniachia kitufe. Nilikibonyeza kwa kidole kilichokubali.

Mashine ikaanza. Petali ya kwanza ikatokea, ya pili, ya tatu. Mama wa hoteli akavaa miwani. Ya nane ilipofunga alishika shavu.

"Ndilo lenyewe!"

Mashine haikusimama. Ikarudi petali ya kwanza, ikaipita tena juu kwa juu. Kisha ya pili.

"Ah, linaongezwa unene," akasema mama wa hoteli.

Binti yangu akanitazama. Mimi nikaitazama mashine. Ikamaliza mzunguko, ikaanza mwingine. Ua likaanza kuvimba. Katikati, zinapokutana petali zote, uzi ulikuwa umerundikana kama kidonda, na mlio wa sindano ukabadilika, ukawa wa mtu anayechimba. Binti yangu akanyoosha mkono kuizima. Hakuwahi. Sindano ilikatika kwa mlio mkavu, kipande kikaruka kikagonga kioo cha dirisha.

Kwenye kitambaa palikuwa na uvimbe wa buluu, na katikati yake tundu la kuingiza kidole.

"Baba," binti yangu alisema kwa sauti ya chini, "nini hiki?"

Nilitazama ule uvimbe kama mtu anayeonyeshwa mtoto ambaye si wake na kuambiwa anafanana naye. Kwenye skrini lilikuwa ua. Nililiona. Makofi yalipigwa.

Mama wa hoteli alivua miwani taratibu, kwa adabu inayoumiza kuliko tusi. Binti yangu alikuwa ameshatoa simu.

"Nimpigie yule kijana? Kesho anaweza kuwa na mchoro."

Nilikitazama kiti changu. Mgongo wake umelika upande mmoja kwa kuegemewa. Nikajiona ninakibeba barabarani, Gundi akinisindikiza kwa maneno.

"Ngoja," nikasema. "Nifungulie kompyuta yako."

"Baba, mgeni ana kazi zake."

"Ngoja kidogo, Mama. Nakuomba."

Sijui kama nimewahi kumwomba kitu kabla ya siku ile. Akaweka simu. Mama wa hoteli akavuta kiti, akaketi.

Nikamfungua kobe kutoka kwenye flashi. Mpango niliomwandikia ulikuwa ule ule, hakuna neno lililohama. Sikuona kosa. Nikausoma tena, sikuona. Basi nikafanya kitu kimoja nilichokiweza: nikamrudishia kobe miguu yake mizito, atembee polepole, nami nikatembea naye, kidole kwenye skrini. Petali. Petali. Alipofunga ya nane nilishusha pumzi.

Yeye hakushusha. Akaanza upya, juu ya mistari yake mwenyewe, na kwenye skrini hakuna kilichobadilika, kwa sababu mstari juu ya mstari ni mstari ule ule. Kwenye skrini hakuna unene. Ni kobe tu aliyeonekana akienda, kwa utii, juu ya kazi iliyokwisha.

"Ni mia," nikasema.

"Mia gani?"

"Nimemwambia arudie mara mia. Hajui kwamba amemaliza, Mama. Anajua mia. Kumaliza ilikuwa kazi yangu kumwambia."

Binti yangu aliniangalia kwa namna ambayo sikuielewa, kisha akakitazama kiti, kisha akaniangalia tena. Nikahesabu kwa vidole, arobaini na tano juu ya arobaini na tano, na mara ya nane nikawa nimerudi nilikoanzia, natazama nilikokuwa natazama. Nikafuta mia, nikaandika nane. Yeye akaweka mchoro kwenye flashi. Sindano mpya niliifunga mimi. Vidole vilinung'unika lakini vilifika.

Mashine ikashona nane. Ikasimama. Iliposimama, sote watatu tuliinama mbele kidogo, tukingoja isimame kweli.

Mama wa hoteli akapitisha kidole juu ya ua, akageuza kitambaa akatazama na upande wa nyuma. "Hili," akasema. "Yote kama hili."

Alipoondoka, binti yangu alishika meza ya mashine upande mmoja. "Nisaidie, Baba. Inahamia dirishani."

"Tulikubaliana..."

"Tulikubaliana kiti hakitoki karakana. Hatukusema kitakaa wapi." Akakivuta kwa mguu, akakiweka mbele ya mashine. "Mimi sijui kumwambia kobe lini amemaliza. Keti."

Niliketi. Dirisha lilikuwa lile lile, mwanga ule ule. Cherehani yangu ya mguu ilisukumwa ukutani, ikafunikwa shuka. Sikuweza kujua kama nimeshinda au nimehamishwa kistaarabu, na nilipomuuliza mke wangu alisema, "Umekaa au umesimama? Umekaa. Basi."

Lakini si hilo linaloniumiza kichwa sasa. Ni jambo nililoliona siku ya pili ya vitambaa vya hoteli, nilipokuwa nimekaa karibu na mashine bila wasiwasi wa kuaibika. Sindano ilikuwa imesimama mahali pake, inapanda na kushuka. Kilichokuwa kinatembea ni fremu. Kitambaa! Kitambaa ndicho kilichokuwa kinahama chini ya sindano, kama kwangu, kama siku zote. Niliruka kwenye kiti nikamwita binti yangu aone kwamba tangu mwanzo nilikuwa sahihi. Kisha nikatazama vizuri zaidi, nikaketi. Fremu ilikuwa haigeuki. Inakwenda kulia, inakwenda kushoto, inakuja mbele, inarudi nyuma, basi. Haizunguki hata ukucha. Na bado ua lilikuwa linatoka duara, petali zikielekea pande zote.

Basi nani anageuka? Kobe amebaki kwenye kompyuta. Sindano haigeuki. Kitambaa hakigeuki.

Nilimpelekea mwalimu swali hilo. Alilijibu vizuri, kwa karatasi na kalamu, kwamba kila mgeuko unavunjwavunjwa ukawa kulia kidogo na mbele kidogo. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nilipofika mlangoni nilikuwa sina kitu.

Kwa hiyo asubuhi moja niliwahi karakana tena na chaki yangu. Nikachora petali moja sakafuni, kubwa. Nikasimama mwanzo wake, uso kwenye dirisha, nikajiapiza kwamba uso huo hautatoka dirishani hata itokee nini. Nikaanza kuufuata mstari. Kulia kidogo, mbele kidogo. Kulia kidogo. Nchani nikaanza kurudi kinyumenyume, nikipapasa chaki kwa kisigino, macho bado dirishani.

"Leo tena?" Gundi alikuwa amefika, kiatu mkononi kama kawaida. Alinitazama mpaka nilipogonga mafurushi. "Fundi, hivyo si ndivyo anavyotembea kaa?"

"Huenda."

"Kutoka kobe mpaka kaa. Na unatazama nini huko dirishani?"

"Sitazami kitu. Simama hapo nilipoanzia," nikamwambia, "uniambie kama ninaifunga petali."

Gundi akaweka kiatu chini, akasimama kwenye mwanzo wa mstari.